Staffordshire na deni la wakili Edalji

Mwanzoni mwa mwaka 1893, Mkuu wa Polisi wa kaunti ya Staffordshire, Kapteni George Anson, alimwandikia barua kasisi wa kijiji cha Great Wyrley. Ufunguo wa shule moja ya mji wa Walsall ulikuwa umeokotwa mlangoni pa nyumba ya kasisi. Anson alitamka wazi kwamba mtoto wa kasisi akikana kuujua ufunguo huo, yeye hatamsadiki. Mtoto mwenyewe, George Edalji, hakuwa amefikisha miaka 18, wala hakuwahi kusoma katika shule hiyo.

Barua hiyo ingestahili kuwekwa ukurasa wa kwanza wa historia yoyote ya polisi wa Staffordshire. Miaka kumi kabla ya kesi iliyompeleka Edalji gerezani, mtu aliyeshika usalama wa kaunti nzima alikuwa ameshaamua kwamba neno la kijana huyo halina thamani.

Kasisi Shapurji Edalji alizaliwa Bombay katika jamii ya Waparsi, jamii ambayo Waunguja wanaifahamu, maana Freddie Mercury alizaliwa humo, Zanzibar. Shapurji aliingia Ukristo, akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana, akamwoa Mwingereza, Charlotte Stoneham, na tangu miaka ya 1870 akaongoza kanisa la Great Wyrley, eneo la wakulima na wachimba makaa ya mawe. Kwa miaka kadhaa familia ilitumiwa barua za matusi na vitisho zisizo na jina. Badala ya kumsaka aliyekuwa akiwaonea, polisi walianza kumshuku mtoto wao wa kiume.

George alisomea sheria, akafungua ofisi Birmingham, na mwaka 1901 akachapisha kitabu cha kuwaeleza abiria wa treni haki zao. Mnywaji hakuwa. Jioni alirudi kijijini kulala kwa wazazi wake.

Mwaka 1903 kijiji kiliingiwa na hofu. Usiku mtu asiyejulikana alikuwa akiwapasua matumbo farasi na ng'ombe malishoni. Barua mpya zisizo na jina zikamtaja Edalji kuwa mmoja wa genge lililofanya unyama huo. Asubuhi ya Agosti 18 farasi mdogo wa mgodini alikutwa akivuja damu, na siku hiyohiyo polisi walimfuata wakili ofisini kwake Birmingham wakamkamata.

Ushahidi wenyewe unafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa ndimo uonevu ulimopita. Kwanza ilidaiwa kwamba Edalji alimjeruhi farasi jioni, wakati alipotoka kutembea. Daktari wa mifugo akaeleza kwamba jeraha lilikuwa bichi mno, halikuweza kuwa la jioni. Upande wa mashtaka haukurudi nyuma: ulihamisha saa ya kosa hadi usiku wa manane. Baba yake akasimama kizimbani akaapa kwamba yeye na mwanawe hulala chumba kimoja, mlango umefungwa kwa ufunguo, na kwamba usiku ule George hakutoka. Hakusadikiwa.

Koti la George lilichukuliwa kutoka nyumbani kwao. Familia ilishikilia kwamba lilipochukuliwa halikuwa na nywele za farasi. Jioni daktari wa polisi alipolikagua, nywele zilikuwapo. Siku hiyohiyo polisi walikuwa wamekata kipande cha ngozi ya farasi aliyejeruhiwa. Nyayo za shambani zilipimwa kwa kuchukua kiatu cha mshtakiwa na kukikandamiza kwenye tope kando ya alama zilizokuwapo, baada ya watu wengi kupita hapo. Kuhusu mwandiko wa barua, mtaalamu Thomas Gurrin aliiambia mahakama kwamba ni wa Edalji. Gurrin huyo ndiye ambaye utaalamu wake ulisaidia kumfunga Adolf Beck mwaka 1896 kwa makosa ya mtu mwingine.

Oktoba 1903 mahakama ya Stafford ilimhukumu miaka 7 jela na kazi ngumu. Alipokuwa kizuizini, mifugo iliendelea kujeruhiwa. Kwa polisi wenye nia ya kutafuta ukweli, hilo peke yake lingetosha kufungua jalada upya. Wao walisema ni kazi ya wenzake wa genge.

Watu hawakunyamaza. Roger Yelverton, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Bahamas, aliongoza maombi yaliyotiwa saini na watu wapatao 10,000. Oktoba 1906 Edalji aliachiwa bila maelezo, akiwa bado na hatia na haruhusiwi kufanya kazi ya uwakili. Ndipo alipomwandikia Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes. Walipokutana katika hoteli London, Doyle alimkuta akisoma gazeti alilolisogeza karibu kabisa na uso. Doyle alikuwa daktari, na aliwahi kusomea magonjwa ya macho. Alijiuliza mtu asiyeona mbali hivyo angevukaje reli, nyaya na vichaka gizani, mvua ikinyesha, huku askari wakiwa doria. Januari 1907 alizichapisha hoja zake katika Daily Telegraph, na nchi ikatikisika.

Serikali iliunda kamati ya watu watatu. Mmoja wao, Albert de Rutzen, alikuwa na undugu na Kapteni Anson. Mei 1907 Edalji alisamehewa kosa la kujeruhi farasi, lakini kamati ikang'ang'ania kwamba aliandika baadhi ya barua, kwa hiyo balaa alijitakia mwenyewe, na fidia hastahili. Uamuzi huo unaumiza kuliko hata hukumu ya 1903. Mahakama ya Stafford ilidanganywa na ushahidi mbovu. Kamati ilikuwa na ushahidi wote mezani, ikaona umeporomoka, na bado ikamtafutia mfungwa hatia ndogo ili ofisi kubwa zisipate aibu.

Beck, aliyetiwa hatiani mara mbili bila kosa, alilipwa pauni 5,000. Edalji hakulipwa na serikali hata senti. Kinachowatenganisha wawili hawa ni rangi ya ngozi na cheo cha mtu ambaye angeaibika, na mwanahistoria wa kaunti asione haya kuliandika hivyo.

Kesi hizo mbili zilisukuma Bunge kupitisha sheria ya 1907 iliyounda Mahakama ya Rufani ya Jinai. Edalji alirudishiwa leseni akahamia London. Mwaka 1934 mfanyakazi mmoja aliyeitwa Enoch Knowles alikiri kuandika baadhi ya barua za 1903. Hata hapo serikali haikufungua upya suala la fidia. Anson alikaa katika cheo chake hadi 1929, miaka 41 kwa jumla, na Edalji alifariki 1953 akiwa anadai.