Kufiwa si ruhusa ya kusahau

Mwandishi wa toleo lililopita anatuambia kwamba marafiki wa zamani wanapukutika, basi tule, tusafiri, tusiangalie nyuma. Nusu ya hoja yake ni kweli: kesho haina mwenyewe. Nusu ya pili naikataa, na shahidi wangu ni Rumonge.

Machafuko ya Aprili 1972 yalilipuka huko, kusini mwa Burundi. Mauaji yaliyofuata yaliwamaliza wasomi wengi wa Kihutu, na maelfu ya watu wakakimbilia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Miaka ya 2000 walipoanza kurejea, wengi walikuta michikichi yao mikononi mwa wengine.

Mzee aliyerejea hivyo akiambiwa asiangalie nyuma, aangalie wapi? Wenzake aliovua nao dagaa hawapo. Kuishi kwake leo ni kukaa na jirani wagawane shamba, kumpelekea mjane wa rafiki yake chupa ya mawese, kupanda mchikichi utakaozaa baada ya miaka mitatu au minne, akijua huenda asionje mafuta yake.

Unataka kuishi kikamilifu? Mtafute leo rafiki aliyebaki, mlipe deni lake, mpatane. Marehemu hawatudai karamu. Wanatudai uaminifu kwa walio hai.