Adabu ya Hospitali Huanzia kwa Mkurugenzi

Mkazi wa Bongwe anapougua ghafla usiku, jamaa zake huweza kumpeleka hospitali ya umma kule Msambweni, au kukimbilia hospitali ya kibinafsi iliyo karibu zaidi, Ukunda au Diani. Wanaochagua ya kibinafsi hukubali kulipa zaidi ili mgonjwa wao ahudumiwe haraka na kwa heshima. Je, heshima hiyo hutoka kwa nani?

Ni kawaida yetu kumlaumu karani wa mapokezi anapodai malipo kabla mgonjwa hajaonwa na daktari. Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba karani hufuata amri. Akimpokea maskini leo, kesho akakatwa mshahara, hatampokea mwingine. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, lakini saa nane za usiku karani huogopa zaidi barua ya onyo kutoka kwa mkubwa wake.

Mnamo Februari 2020 ulivuja ujumbe wa WhatsApp uliodaiwa kuwa wa wasimamizi wa Nairobi Women's Hospital, ukiwahimiza wafanyakazi kulaza wagonjwa wengi ili mapato yaongezeke. Mkurugenzi mkuu aliondoka kwa muda kupisha uchunguzi. Msukumo uliodaiwa haukuwa wa muuguzi wala karani. Ulikuwa wa walio juu.

Wenye hospitali watasema kwamba dawa na mishahara havilipwi kwa huruma. Ni kweli. Lakini deni laweza kuzungumzwa baada ya damu kukoma kutoka.

Basi wakurugenzi waandike wazi kwamba dharura itatibiwa kwanza, na kwamba mfanyakazi atakayetii hataadhibiwa. Wampe muuguzi wa zamu uwezo wa kuahirisha malipo bila kusubiri simu ya bosi. Wasome malalamiko wenyewe, na mara kwa mara wafike mapokezi usiku bila taarifa, waone wateja wao wanavyoongeleshwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mgonjwa aliyetendewa utu atawasimulia jirani zake Bongwe, na habari hiyo itaifaa hospitali kuliko bango lolote barabarani.