TUSILIPWE MANENO

Ndugu Wanaushirika,

Taarifa ya chama kikuu imefika. Imebandikwa pale ofisini tangu juma lililopita, wengine tumeisoma na wengine tumesomewa. Ina karatasi nzuri na picha za rangi. Lakini ukimwuliza aliyetoka kuisoma, "Haya, korosho zetu zilizobaki zinalipwa lini?" anakujibu, "Sijui bwana, wameandika mambo makubwa."

Basi sisi wa gazeti hili tumeona tuyashushe hayo mambo makubwa mpaka chini, tuyaweke kwenye mizani. Maana siku ya mkutano mkuu tutaombwa tunyoshe mikono kuipitisha taarifa hiyo. Na mtu mzima hanyoshi mkono kupitisha kitu asichokielewa.

Sentensi yenyewe ni hii: "Malipo ya baadhi ya wadau yameathirika kutokana na changamoto ya ukwasi, na mchakato wa kuishughulikia unaendelea." Tuichambue kama tunavyochambua korosho, nzima huku, mbovu huku.

1. WADAU. Nani huyo mdau? Mwenye lori ni mdau, mwenye ghala mdau, benki mdau, mnunuzi mdau. Na sisi tumetiwa humo humo. Hapana, ndugu. Ushirika una wenye mali, na una wanaowahudumia wenye mali. Sisi ni WANACHAMA. Korosho ni zetu, hisa ni zetu, chama ni chetu. Ukikubali kuitwa mdau nyumbani kwako, usishangae siku ukiulizwa umekuja kumwona nani.

2. CHANGAMOTO. Zamani tulikuwa na shida, kosa, hasara, deni na wizi. Kila neno lilikuwa na mtu wake. Deni lina mdai na mdaiwa. Kosa lina mkosaji. Wizi una mwizi. Siku hizi yote yametiwa gunia moja, yakashonwa mdomo, yakaitwa changamoto. Changamoto haina mtu. Eti imetokea tu, kama mvua ya mawe. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humwumbua. Nasi hatutaki kufika kwenye kilio.

3. UKWASI. Hapa tulicheka, kisha tukanuna. Wazee wetu wakisema fulani ni mkwasi, wana maana ni tajiri. Ukwasi ni utajiri! Mabenki wamelichukua neno hilo wakalifanya ni fedha iliyo tayari kulipia watu. Sawa, walitumie huko kwao. Lakini "changamoto ya ukwasi" kwa Kiswahili cha hapa kijijini ni HATUNA PESA. Na pesa haikosekani hivi hivi. Korosho zilikwenda mnadani. Mnunuzi alilipa au hakulipa. Kama hakulipa, ni nani, na mzigo ulitokaje ghalani? Kama alilipa, pesa ziko wapi? Hayo ndiyo maswali mawili, na hilo neno la ukwasi limewekwa mlangoni ili tusiingie kuyauliza.

4. MCHAKATO UNAENDELEA. Mto nao unaendelea. Nani anaushughulikia? Amekwenda wapi, amemwona nani, ameambiwa nini, atarudi lini na jibu? Sisi tunajua kitu kimoja: ubwiri unga haungoji mchakato. Mikorosho ikianza kutoa maua, salfa iwepo ama isiwepo. Na asiyelipwa hawezi kununua salfa. Mwakani gunia zikipungua, tutaambiwa tena kuna changamoto ya uzalishaji, na sisi wenyewe ndio tutalaumiwa kuwa wavivu.

5. KUJENGA UWEZO WA WADAU. Hili liko kwenye ukurasa wa matumizi, na makato yake yametoka kwenye kilo zetu. Tulipouliza tukaambiwa ni semina ya mjini. Basi kama ni semina iandikwe SEMINA. Waliokwenda ni fulani na fulani. Posho kiasi kadhaa, nauli kiasi kadhaa, chakula kiasi kadhaa. Walirudi na nini cha kutufundisha? Hatupingi mtu kusoma. Tunapinga pesa yetu kuvalishwa kanzu ndefu ili miguu isionekane.

Wapo watakaosema, "Nyie watu wa kijijini mnaogopa utaalamu." Si kweli. Sheria ya stakabadhi ghalani ilipitishwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kwenye korosho huko Mtwara msimu wa 2007/2008. Neno lilikuwa geni na zito. Tulilijifunza, kwa sababu stakabadhi ni karatasi unayoishika, imeandikwa kilo na daraja la korosho. Tukajifunza na unyaufu, kwamba korosho ikikaa ghalani hukauka na uzito hupungua. Hilo nalo lina mizani yake. Neno la kazi linakuonyesha kitu ambacho hukukiona. Neno la kujifichia linakuondolea kitu ulichokuwa unakiona. Tofauti ndiyo hiyo, wala haihitaji shahada.

Tena wasituambie kwamba shirika likiwa kubwa lazima liseme kwa mafumbo. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni kubwa ya afya kwa redio na vikundi vya kusoma vijijini. Watu karibu milioni mbili walishiriki. Iliitwaje? MTU NI AFYA. Maneno matatu tu. Watu walisikia, wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata CHAKULA NI UHAI. Hivi leo kampeni ile ile ingepewa jina gani? "Mradi Shirikishi wa Kuwajengea Wadau Uwezo wa Usafi Endelevu." Na choo kisingechimbwa, kwa sababu neno choo lenyewe halimo!

Ugonjwa huu si wa hapa peke yake. Mwezi wa Julai 2014 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kuachisha kazi watu 18,000, na kama 12,500 kati yao walikuwa wa kazi ya simu iliyonunuliwa kutoka Nokia ya Finland. Mkubwa wa kitengo hicho, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi barua ndefu. Aya baada ya aya alieleza mikakati ya simu na masoko, na habari ya watu kukosa kazi akaichomeka huko ndani kabisa. Barua hiyo ilichekwa dunia nzima. Watu wale walikuwa wasomi na mainjinia. Kwa hiyo ndugu, usiposhika maana ya taarifa usijione mjinga. Mara nyingi imeandikwa usiishike.

Sasa tunasema tufanye nini. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inasema mkutano mkuu ndio mamlaka ya juu kabisa ya chama. Si meneja, si bodi, wala si afisa yeyote. Kila mwanachama ana kura moja, mwenye gunia mbili sawasawa na mwenye gunia mia. Basi tunapendekeza haya:

(a) Taarifa isomwe kifungu kwa kifungu. Kila kifungu kijibu maswali matatu: NANI? KIASI GANI? LINI? Kisichojibu kirudishwe kikaandikwe upya, na kisipigiwe kura.

(b) Neno "wadau" lifutwe kila mahali linapomaanisha sisi, liandikwe "wanachama".

(c) Orodha ya wasiolipwa ibandikwe ukutani hapa, pamoja na kilo za kila mmoja na tarehe ya kulipwa.

(d) Mwanachama akiuliza maana ya neno asizomewe. Kuuliza si ujinga. Anayezomea aulizwe yeye maana yake, tuone.

Tunajua baadhi ya wakubwa watanuna. Watasema tunavuruga mkutano. Lakini anayevuruga ni yupi, anayeuliza pesa iko wapi, au anayejibu kwa neno ambalo maana yake ni utajiri? Sisi tulileta korosho, hatukuleta maneno. Zilipimwa kwa kilo, mbele ya macho yetu, karani akaandika. Na malipo yaje vivyo hivyo, kwa shilingi, yahesabike.

Siku ya mkutano njooni wote, akina mama na vijana pia. Asiwepo wa kusema "nitasikia kwa wenzangu".

USHIRIKA NI WA WANACHAMA!

Kamati ya Gazeti la Ukutani

(Ukimaliza kusoma, msomee na mwenzio asiyeona vizuri. Tafadhali msibandue karatasi hii.)