Macho ya mtoto yanasema kabla ya kinywa



Wiki hii tuzungumze juu ya mishipa ya fahamu ya kichwa, ile inayofanya kazi bila kutuuliza. Ukitaka kuinua mkono, unaamua na mkono unainuka. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kuamuru mboni ya jicho lake ipanuke? Hakuna. Mboni, mate na machozi vina mishipa yake, na mishipa hiyo haijui kudanganya. Mtoto aliyeanguka anaweza kusema "siumwi" kwa kuogopa fimbo. Mboni yake haiwezi.

Fanyeni jaribio nyumbani. Katika chumba chenye giza kidogo, tazama mboni ya mtoto, kile kitundu cheusi katikati ya jicho. Ni kubwa. Mulika jicho moja kwa tochi, toka pembeni, kwa muda mfupi tu. Mboni inapungua mara moja. Na ya jicho la pili inapungua pia, ingawa hukuimulika! Hata mbuzi na paka wako hivyo: mboni zao zina umbo lingine, lakini zinafunguka gizani na kufunga mwangani.

Mboni inaongozwa na njia mbili. Ya kwanza inaifunga. Inatoka chini ya ubongo, inasafiri ndani ya mshipa wa tatu kati ya jozi 12 za mishipa ya kichwa, inapitia kwenye fundo dogo nyuma ya jicho. Ya pili inaifungua. Hiyo inashuka kwanza ndani ya uti wa mgongo mpaka kifuani, inapita juu ya pafu, kisha inapanda shingoni kandokando ya mshipa mkubwa wa damu hadi jichoni. Mate na machozi vinaamriwa hasa na mshipa wa saba na wa tisa.

Elimu hii inatusaidia nini?

Kwanza, mtoto akianguka toka juu ya mwembe. Damu ikivuja ndani ya fuvu, ubongo unasukumwa na kuufinya ule mshipa wa tatu. Mboni ya upande mmoja inabaki kubwa, hata ukiimulika. Hapo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali. Tena dalili hiyo mara nyingi inachelewa. Akitapika tena na tena, akilala usingizi mzito usio wa kawaida, au akipata degedege, ondoka mara moja, hata kama mboni zake ziko sawa.

Pili, dawa ya wadudu ya shambani. Nyingine kati ya dawa hizo zinaizuia mishipa ya kufunga mboni na kuleta mate isipumzike. Mboni inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, mate na machozi vinatiririka, jasho linatoka, kupumua kunakuwa shida. Usimtapishe mtoto. Usimpe maziwa wala mawese. Mvue nguo, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, lakini linda mikono yako, kwani sumu inapenya ngozi. Ukiwa peke yako na mtoto anapumua kwa shida, safari ndiyo ya kwanza. Beba na chupa ya dawa, mganga aisome.

Watu wengine wana mboni zisizolingana kidogo tangu kuzaliwa, na si ugonjwa. Kwa hiyo jioni hii, watoto wakiwa wazima, tazameni macho ya kila mmoja na mkumbuke yalivyo. Na ile dawa ya shamba iliyomiminwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, irudisheni katika chupa yake yenye karatasi, muifungie mahali mtoto hafiki. Kama chupa yake ilikwisha kutupwa, iandikeni SUMU kwa herufi kubwa leo hii.

Tuonane wiki ijayo.