Damu Isifuate Njia ya Kahawa

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Utafiti wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wa mji wa Bukoba, 24 hivi walikuwa na virusi. Yatima wakaongezeka Bukoba na Muleba, na migomba ikakosa wa kuipalilia. Katikati ya msiba huo, wananchi walikubali kutoa damu yao ili wataalamu wajifunze.

Dunia imejifunza mengi kutokana na kirusi hicho. Juu ya gamba lake ipo protini inayoitambua chembe nyeupe ya damu yenye alama ya CD4, kama ufunguo na kitasa chake. Wanasayansi wakaona kwamba mwizi mwenye ufunguo aweza kunyang'anywa silaha, akatumwa kupeleka dawa. Leo virusi vya jamii hiyo, vilivyokwisha kuondolewa madhara, hubeba jeni hadi ndani ya seli za damu. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya selimundu ya namna hiyo: seli za mgonjwa hutolewa, hutiwa jeni, kisha hurudishwa mwilini. Sasa wanajaribu kubadili protini za gamba ili mbebaji aitafute mwenyewe seli iliyokusudiwa.

Bei ya tiba ile ilitangazwa kuwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Hapa nchini inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka. Ni mzazi gani wa Kamachumu au Kemondo atakayeimudu?

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri, sisi tushughulike na malaria. Fikra hiyo ndiyo hutufanya wauzaji wa malighafi na wanunuzi wa bidhaa. Kahawa yetu imekwisha kutufundisha somo hilo.

Kwa hiyo, maofisa wanaopitisha mikataba ya kupeleka sampuli za damu nje wahakikishe kila mkataba unataja mafunzo kwa vijana wetu na bei nafuu ya dawa itakayopatikana. Halmashauri zipime watoto wachanga, na haidroksiyurea, ipunguzayo maumivu ya selimundu, ipatikane karibu na wananchi. Nanyi ndugu walimu, fundisheni kwamba selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Haitokani na uchawi. Tusisubiri tiba ya kesho huku tukiacha ya leo, wala tusikabidhi ya kesho kwa wengine. Huko ndiko kujitegemea.