Mizani mpya, karani yule yule: Mafunzo kwa simu yatamlindaje mkulima wa korosho?

MSIMU wa korosho ukifika, mkulima wa Mahurunga, Nanyamba au Tandahimba hupeleka magunia yake kwenye chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) akiamini kwamba kilo alizovuna ndizo atakazolipwa. Kati ya gunia lake na fedha zake yupo mtu ambaye ni nadra kutajwa minadani. Huyo ni karani wa mizani.

Karani wa leo si yule wa daftari na kalamu. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, kazi yake ilikuwa kupima, kuandika na kutoa risiti. Sasa anatarajiwa pia kumtafuta mkulima kwenye kompyuta, kuhakiki namba ya akaunti yake ya benki na kuhakikisha kilo zilizosomwa kwenye mizani ndizo zilizoingia kwenye kumbukumbu, kabla gari halijaondoka kwenda ghala kuu.

Mabadiliko hayo yamekuja kwa kasi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imevitaka vyama vitumie Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kama MUVU, na mizani ya kidijitali imeanza kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Tangu msimu wa 2024/2025, minada ya korosho imehamia kwenye mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Katika mnada wa kwanza wa msimu huo, Oktoba 2024, wakulima walio chini ya chama kikuu cha TANECU cha Tandahimba na Newala walipata bei ya juu ya Sh4,120 kwa kilo.

Mashine zimefika. Swali ambalo wakulima hawajaliuliza vya kutosha ni hili: anayezitumia amefundishwa vipi, na anakumbuka nini siku foleni ya magunia inapofika barabarani?

Kosa dogo, hasara kubwa

Tuchukue mfano rahisi. Mkulima ana magunia 10. Karani hakuirudisha mizani kwenye sifuri, na kila gunia likapungua kilo mbili. Hizo ni kilo 20. Kwa bei ya Sh3,000 kwa kilo, mkulima amepoteza Sh60,000 bila mtu yeyote kumwibia. Chama kilichopokea magunia 5,000 kwa kosa hilo hilo kitakuwa na kilo 10,000 zisizo na mwenyewe, sawa na Sh30 milioni.

Namba ya akaunti nayo ina hatari yake. Tarakimu moja ikikosewa, malipo hukwama au huenda kwa mtu mwingine, na mkulima huanza safari za kwenda na kurudi benki wakati ada za shule zinamsubiri.

Wakulima wa kusini wanakumbuka msimu wa 2018/2019, Serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki wa wakulima na mashamba yao, na wengi walisubiri kwa miezi. Sababu za hali hiyo zilikuwa nyingi, lakini fundisho mojawapo ni kwamba kumbukumbu zenye shaka humchelewesha hata mkulima mwaminifu.

Mzigo nao umeongezeka. Msimu wa 2017/2018 nchi ilivuna takriban tani 313,000 za korosho, na wakati huo kiwango hicho kilihesabiwa kuwa rekodi. Msimu wa 2024/2025 uzalishaji ulipita tani 500,000. Magunia yakiongezeka, nafasi za kukosea nazo huongezeka.

Semina ya siku moja haitoshi

Mafunzo yaliyozoeleka ni ya ukumbini. Makarani na mameneja wa vyama huitwa mjini, mtaalamu huonyesha picha za mfumo ukutani tangu asubuhi hadi jioni, chai hunywewa, posho husainiwa na kila mtu hurudi kwao. Wiki kadhaa baadaye msimu hufunguliwa, na yule aliyetazama mfumo ukutani anakutana nao kwa mara ya kwanza kwa vidole vyake, huku wakulima wakimsubiri.

Kusahau si uzembe wa karani. Mwaka 1885, mtaalamu wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu. Alionyesha kwamba jambo lililojifunzwa mara moja hupotea haraka katika saa na siku za mwanzo, na kwamba kulirudia kwa vipindi hulifanya likae. Semina ya siku moja inakwenda kinyume na matokeo hayo.

Kuna tatizo jingine. Makarani wengi huajiriwa kwa msimu. Aliyefundishwa mwaka jana anaweza kuwa amekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na chama kinabaki na mashine bila mjuzi.

Njia nyingine ipo, nayo si ngeni. Huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, mawakala wa vibandani walijifunza kutoa na kupokea fedha kwa kufanya muamala mmoja mmoja, wakiulizana na wenzao na kupokea maelekezo mafupi kwenye simu. Leo hata kijana aliyeishia darasa la saba anaendesha kibanda bila kusitasita. Alijifunza kidogo kidogo, kwa kazi halisi, na kila kosa aliliona siku hiyo hiyo kwenye salio lake.

Waliotangulia

Mfano mkubwa zaidi ulionekana Kenya. Mwaka 2005, shirika la AMREF kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo lilianzisha mafunzo kwa kompyuta ili kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada. Waliolengwa walikuwa zaidi ya 20,000. Kwa nafasi zilizokuwapo vyuoni, kazi hiyo ingechukua zaidi ya karne moja, na hospitali zisingeweza kubaki bila wauguzi. Wauguzi walisoma nadharia kwenye kompyuta karibu na vituo vyao vya kazi, na mazoezi wakayafanya wodini.

Tanzania nayo ina mfano wake. VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya Airtel, ilianzisha programu ya simu iitwayo VSOMO. Mwanafunzi alisoma nadharia ya ufundi kwenye simu, kisha akaenda kwenye chuo cha VETA kufanya kwa mikono. Hapo pana jambo la kuzingatiwa na wanaushirika. Simu inaweza kufundisha hatua za kusajili mzigo, lakini kuikata korosho kwa kisu na kutambua punje mbovu, au kushika gunia na kushuku unyevu, hujifunzwa ghalani mbele ya mjuzi.

Kwa upande wa elimu, vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA) unawataka walimu wakutane shuleni kwao, wajadili somo linalowasumbua na kutumia masomo ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Mpango huo haukumwacha mwalimu peke yake na kifaa. Umempa pia wenzake wa kujadiliana nao.

Ukanda wa pwani haujaachwa nyuma. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) imeanzisha utaratibu wa kurekodi samaki wanaovuliwa kwa kutumia simu. Kwa vijiji vya Msimbati na vingine vilivyomo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, takwimu zinazoingizwa kimakosa zinaweza kuleta maamuzi mabaya kuhusu riziki ya mvuvi, kama kilo zilizokosewa zinavyomuumiza mkulima.

Somo lianze na kosa

Masomo mengi ya kompyuta huwachosha wafanyakazi kwa sababu huanza na historia ya mfumo na sheria zake. Karani aliyebanwa na kazi anataka kujua afanye nini mkulima asipoonekana kwenye orodha, mtandao ukikatika katikati ya kupima, au jina la benki lisipofanana na la chama.

Hayo ndiyo yangekuwa masomo. Chama kinaweza kuanza kwa kuorodhesha makosa 10 yaliyokisumbua zaidi msimu uliopita, kwa kutumia malalamiko ya wakulima na hoja za wakaguzi. Kila kosa liwe somo moja la dakika chache: kisa kifupi, swali la kujibu, kisha jibu sahihi na sababu yake. Lugha iwe Kiswahili cha ghalani, na sauti iwepo kwa asiyependa kusoma maandishi marefu. Karani apewe pia mahali pa kufanyia majaribio kwa majina ya mfano, ili akosee pale ambapo hakuna fedha ya mtu.

Muda wake si mkubwa. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita kabla ya minada ya Oktoba, ni saa saba na nusu. Ni kama saa za semina moja, lakini zimegawanywa mara 30, na kila mara karani anarudia alichokisoma jana.

Masomo hayo lazima yaweze kupakuliwa na kutumika bila mtandao. Mei 2024 ilitoa onyo kwa mikoa ya kusini. Mwanzoni mwa mwezi huo, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam, Lindi hadi Mtwara katika eneo la Somanga. Mei 12, nyaya za mawasiliano zilizopita baharini zikakatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Mwalimu wa semina asingefika kwa basi, na somo la kwenye mtandao lisingefunguka. Lililohifadhiwa kwenye simu lingesomeka.

Posho na bando

Kikwazo kinachosemwa kwa kunong'ona ni posho. Semina huja na nauli na fedha ya kujikimu. Somo la simu haliji na kitu, na huweza kula bando la karani mwenyewe baada ya saa za kazi. Chama kinachotaka makarani wasome lakini hakitoi muda wala bando kinajidanganya.

Ni afadhali sehemu ya fedha za semina ielekezwe kwenye bando, dakika hizo 15 zihesabiwe kuwa kazi, na karani atakayemaliza msimu kwa makosa machache apewe motisha inayojulikana mapema. Wajumbe wa bodi wenye umri mkubwa wanaotumia simu za vitochi wasiachwe nje. Wakae na karani mara moja kwa wiki, wasikilize somo pamoja na waulize, kwa kuwa wao ndio wanaosaini hesabu.

Vyama vidogo haviwezi kuandaa yote hayo peke yao. Vyama vikuu kama MAMCU na TANECU, Bodi ya Korosho yenye makao yake Mtwara, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi ndio wenye uwezo wa kutengeneza masomo yanayotumika na wote. Kazi ya AMCOS ni kuleta makosa halisi na kusimamia usomaji.

Wanachama waulize

Elimu kwa wanachama, viongozi na watumishi ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika zinazotambuliwa duniani tangu mwaka 1995. Kwa hiyo mkulima anayeuliza habari za mafunzo haingilii kazi ya meneja. Anadai haki yake kama mwenye chama.

Makisio ya matumizi yanapoletwa kwenye mkutano mkuu, wanachama wangefanya vema kuuliza mambo matatu. Msimu uliopita ni malipo mangapi yalikwama kwa makosa ya uandishi? Fedha za mafunzo zilimfundisha nani, na bado yupo kazini? Msimu ujao makosa hayo yatapungua kwa kiasi gani, na nani atayahesabu?

Majibu yake yatapima mafunzo vizuri kuliko vyeti vinavyotundikwa ofisini. Chama kikionyesha kwamba malalamiko ya kilo na akaunti yamepungua, fedha hazikupotea. Kikionyesha orodha ya waliohudhuria tu, wanachama waendelee kuuliza.

Wauza maduka wa pwani husema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari sasa limo ndani ya kompyuta, na anayeliandika bado ni binadamu. Kabla ya gunia la kwanza la msimu kuwekwa juu ya mizani, mkulima ana haki ya kujua kwamba binadamu huyo amefanya mazoezi ya kutosha.