Mama akilalamika joto usiku, apimwe na presha

Mama wa miaka 48 anaamka saa nane za usiku. Kanga imelowa jasho, moyo unamwenda mbio. Anafungua dirisha, anajipepea, na baada ya dakika chache anasikia baridi. Asubuhi anakwenda zahanati, anapimwa malaria, hana. Anaambiwa huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, anapewa vidonge, anarudi nyumbani. Wiki mbili baadaye hali ni ileile, na jirani anamwambia, "Hayo ni mambo ya utu uzima shoga yangu, yatapita."

Jirani hajakosea. Huenda kweli ni dalili za kukaribia kukoma hedhi. Kinachotusikitisha ni kwamba muda wote huo hakuna aliyemfunga mama huyu mkanda wa presha mkononi.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunasema mwanamke amekoma akikaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, wala hana mimba au sababu nyingine. Lakini mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla: siku kuruka, usingizi kupotea, hasira za ghafla, na lile joto linalopanda kifuani hadi usoni. Haya yote mama anayaona. Yale yanayotokea ndani ya mishipa yake ya damu hayaoni.

Homoni ya estrojeni, ambayo ovari huitoa kwa wingi miaka yote ya uzazi, husaidia mishipa ya damu kutanuka vizuri na huzuia lehemu mbaya isipande sana. Inapopungua, lehemu hiyo hupanda, hasa katika kipindi kinachozunguka hedhi ya mwisho. Mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye makalio huhamia tumboni. Mishipa hukakamaa, presha nayo huanza kupanda. Ndiyo maana mwanamke ambaye hajawahi kuambiwa ana presha anaweza kufika miaka 52 akiwa nayo, na asijue, kwa kuwa presha ya juu mara nyingi haiumi.

Nchini Marekani kuna utafiti ulioanza mwaka 1996 na kufuatilia wanawake zaidi ya 3,000 tangu kabla hawajakoma hedhi. Ulionyesha kuwa joto la ghafla si jambo la miezi miwili. Kwa nusu ya waliokuwa nalo mara kwa mara lilidumu zaidi ya miaka saba, na kwa wenye asili ya Afrika lilidumu muda mrefu zaidi. Pia waliopata joto hilo mara nyingi, na kwa miaka mingi, ndio waliopata zaidi maradhi ya moyo na kiharusi baadaye. Usisome sentensi hiyo ukaingiwa na hofu. Haisemi kwamba joto ndilo linaloharibu moyo, wala kwamba kila anayetoka jasho usiku ana ugonjwa. Inasema joto hilo ni sababu tosha ya kuangalia moyo mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Kwa hiyo ukienda kituo cha afya kwa ajili ya joto, omba upimwe presha na sukari, na kama maabara inaweza, lehemu pia. Omba, usisubiri kupewa. Presha ikiwa 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine ili kuthibitisha. Moyo kwenda mbio nao usiusingizie umri moja kwa moja. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo huleta hali hiyohiyo.

Kuna swali moja ambalo wahudumu wengi hawaulizi, hivyo litaje mwenyewe: mimba zako zilikuwaje? Aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito, au aliyepata kisukari akiwa mjamzito, yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo, hata kama mtoto huyo sasa yuko chuo kikuu. Vivyo hivyo aliyekoma hedhi kabla ya miaka 45, au aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji. Huyo asisubiri hata joto.

Kuhusu dawa za homoni, zimeogopwa tangu mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani ulipositishwa kwa sehemu baada ya kuonekana madhara kwa moyo na matiti. Wengi wa wanawake wale walikuwa wameshapita miaka 60. Leo madaktari wanakubali kuwa kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajamaliza miaka 10 tangu akome, na asiye na historia ya saratani ya matiti, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda, faida kwa dalili kali mara nyingi huzidi madhara. Lakini hazitolewi kama kinga ya moyo, wala si za kununua dukani kwa kuelekezwa na rafiki. Na chupa za mitishamba zinazouzwa kwenye daladala kwa ahadi ya "kurudisha ujana" tunaomba uziache palepale.

Kinachokinga moyo ni kile unachokijua tayari: chumvi kidogo, mafuta kidogo, kutembea kwa kasi nusu saa siku nyingi za wiki, kuacha sigara. Tunajua anayeuza sokoni tangu alfajiri atacheka akisikia habari ya mazoezi. Basi angalau aanze na chumvi, na dawa za presha, akiandikiwa, asiziache siku anayojisikia nafuu.

Jambo moja ni la kukimbilia hospitali usiku huohuo. Kifua kubana, pumzi kukatika, maumivu yanayopanda tayani au mgongoni, kichefuchefu na jasho la baridi lisilopita kama joto la kawaida linavyopita. Mwanamke mwenye mshtuko wa moyo wakati mwingine hana maumivu makali ya kifua, na wengi hunywa dawa ya vidonda vya tumbo wakangoja kupambazuke.

Wewe ambaye mama yako yuko kijijini, mpigie leo. Muulize analalaje. Akisema ni uzee tu, muulize mara ya mwisho alipimwa presha lini, na namba zilikuwa ngapi. Kama hazikumbuki, mtumie nauli ya kwenda kituoni.